Tope Hutulia, Dawa Haitulii

Naikumbuka siku ile, mwanangu, mpaka vumbi lake. Mimi na baba yangu, aliyetoka Kishapu kwa ajili hiyo, tulikuwa tunapeleka ng'ombe wa mahari kwao Kabula, mchumba wangu. Jua kali, ng'ombe ndimi nje. Nikasema tupitie plenti ya Magadula hapo Geita, nilikokuwa kibarua, kuna bwawa.

Plenti ile waliloweka mchanga wa dhahabu kwenye maji yenye sianidi, sisi tukiiita dawa. Dhahabu inayeyuka humo kama sukari kwenye chai, huioni tena. Wakishaitoa, maji yanaachwa bwawani. Magadula hakuweka uzio wala kibao. Namtaja, na asikie. Namtaja na Shija, msimamizi wake, maana nilimuuliza.

"Hayo maji tu, bwana harusi," akacheka. "Dhahabu tumeshatoa. Wanyweshe, wakwe wasije wakalala njaa wakikungoja."

Nikafanya kama tulivyolelewa kwetu, tunakokunywa maji ya lambo: nikachota kwa ndoo, nikasubiri tope litulie. Yakawa meupe. Nikaonja funda moja.

"Una hakika?" baba akauliza.

"Baba, si unayaona?"

Ng'ombe wakanywa, na hawakuvuka hata barabara. Walianguka wakitetemeka, wote. Mimi nilizindukia zahanati, baba pembeni ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tope hutulia, mwanangu. Chumvi ya mboga uliwahi kuiona imetulia chini ya chungu?"

Kabula alinisubiri misimu miwili ya pamba, kisha wazee wake wakamwoza Chato. Nasikia ana watoto wakubwa sasa. Mimi niko hapa mtaa wa Kambarage. Nikiona basi limeandikwa Chato, nalitazama mpaka lipotee. Darasa langu la nne linatosha kusoma neno hilo.

Basi sikia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kilichoyeyuka hakijaondoka, kimejigawa kila tone, na kitambaa cha kuchujia hakikikamati. Karibu na plenti usiamini macho, wala usionje kama mimi. Kuuliza si ujinga, wanasema. Ujinga ni kumuuliza yule ambaye ukweli utamtia hasara. Waulize waliowahi kuzika mifugo yao hapo.

Mungu akujalie kisima unachokijua chanzo chake, na uendako ufike ungali unangojwa.