Trakta ya Baba Imekamilika, Imebaki Manyeto

Admin, jina langu lifiche, lakini Uvira uiache, maana watu wa huku watanielewa haraka. Minye, yaani mimi, ni mzee wa miaka sitini na tisa. Niko na mke, watoto saba, na mashini mbili za kusaga mihogo nilizozipata kwa jasho langu. Hakuna mtu aliyenisomesha, nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli. Kwa hiyo mimi si mtu wa kulia ovyo. Lakini tangu Jumapili iliyopita chakula hakipiti, ndiyo maana nawaandikia.

Baba yetu alikuwa anatunza bustani ya Mzungu mmoja kule Luberizi. Uhuru ulipokuja, yule Mzungu aliondoka na valizi mbili za nguo, akamwachia baba trakta yake ndogo ya bustani, ya silinda moja. Nilikuwa na miaka minne. Baba alinipakata mapajani tukilima kati ya mistari ya nyanya. Ile trakta haikuwa na funguo, mtu yeyote angeweza kuzungusha manivele, ule mkono wa chuma wa kuwashia, ikawaka. Basi kila jioni baba aliifungua manyeto, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha injini, akakiviringisha kwenye kitambaa chenye grisi na kukilaza chini ya kitanda. Alikuwa anasema, "Hii ndiyo funguo yangu."

Uasi ulipofika nilikuwa na miaka minane. Waasi waliingia kwetu asubuhi, wakataka trakta iwavutie mizigo. Wakazungusha manivele mpaka jasho likawatoka. Mmoja wao akauliza, "Manyeto iko wapi?" Baba akajibu, "Muzungu alienda nayo." Kumbe ilikuwa ndani ya kapu la mihogo, na mama alikuwa anamenya mihogo hiyo mbele yao. Wakampandisha baba kwenye kamyo, lori lao. Hakugeuka kututazama. Nadhani aliogopa macho yake yasiende kwenye kapu.

Nikaanza kukaa barabarani. Kila kamyo iliyotoka upande wa Kamanyola nilisimama kuitazama kama imemrudisha baba. Nilikataa kula. Siku moja mama na yaya wangu, kaka mkubwa aliyekuwa na miaka kumi na mitano, wakanishika mkono na kunipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kaburi jipya. Mama akasema, "Baba alirudi ukiwa umelala. Tumemuzika. Sasa kuja ukule." Nikalia, halafu nikala.

Nilipopata uwezo, nililitengeneza lile kaburi kwa sementi. Mimi napima kila kitu. Lilikuwa mita moja na sentimita kumi. Nikamwuliza yaya, "Baba alikuwa mufupi hivi?" Akajibu, "Udongo unajikunja, mudogo wangu." Nikakubali. Na mama alipokaribia kufa aliomba jambo moja tu: tumzike kando ya baba.

Miaka miwili iliyopita niliitoa trakta kwa yaya kule Luberizi, kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti chake. Nikaileta nyumbani vipande vipande. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama mapacha wa tumbo moja, nikaimwagia petroli na mafuta wiki baada ya wiki hadi ikaachia. Tanki nikalichomelea, buloni za kukazia ishirini na tatu nikabadilisha, kabirateri nikatoa kwenye pampu ya maji. Kila asubuhi mke wangu ananiuliza, "Mukewenza wangu ameamka salama?" Nilipoanza kuipaka rangi ya pili, akasema, "Yeye rangi mara mbili, minye hata mafuta ya kujipakaa hakuna!" Tulicheka sana. Ikabaki manyeto tu. Nilifika hadi Kamanyola kwa wauza vyuma chakavu. Zote nilizoziona zinazunguka upande mwingine.

Jumapili nikamwita yaya aje aione. Aliizunguka, akapanda, akashika usukani, machozi yakamtoka. Nilidhani ni furaha.

"Yaya, weye ulikuwa mukubwa wakati ule. Manyeto mama aliipeleka wapi?"

"Acha tu."

"Niache nini? Sema iko wapi, nitaenda kuichukua."

"Iko kwa baba."

"Baba iko na kazi gani nayo?"

"Mudogo wangu, pale hakuna baba. Baba hakurudi. Tulizika manyeto, sababu ndiyo kitu baba alikufia. Weye ulikuwa unakufa barabarani. Tungefanya nini?"

"Miaka sitini na moja, yaya! Mama amekufa, ukanyamaza. Umeniacha nimwage sementi juu ya chuma, niombe juu yake kila Noeli!"

"Nilimuahidi mama." Akashuka, akachukua fimbo yake. "Na ukichimba pale, usiniite tena yaya."

Mke wangu anasema niweke betri na bobini ya kutoa cheche, trakta itawaka. Najua. Ningeweza kuiwasha kesho. Najua pia kwamba manyeto iliyolala ardhini muda wote huo imeoza nyuzi zake. Sitafuti cheche. Nataka kuona kwa macho yangu, maana bila kuona, moyo unaendelea kuniambia kwamba yaya amechanganyikiwa kwa uzee na baba yumo mle. Lakini nikichimba nikakuta chuma, baba yangu atakuwa hana kaburi popote duniani, nami na mvi zangu nitakuwa nimerudi kukaa barabarani. Halafu namkumbuka mama. Yeye alijua ni nini kimelala pale, na bado akaomba alazwe kando yake.

Beleshi nimeliegemeza kwenye trakta. Yaya hashiki simu yangu. Ninyi ambao wazazi wenu walipandishwa kwenye kamyo hawakurudi, nishaurini: nilichimbe lile kaburi, au niende Luberizi nikamwombe yaya msamaha na kuliacha lilivyo?