Bakuli la Oili Safi

Katika miaka ya Hali ya Hatari, mtu wa Meru au wa Embu hakuvuka mpaka wa wilaya yake bila karatasi ya ruhusa, na karatasi hiyo ilitaja siku ya kutoka na siku ya kurudi. Wakati huo nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni karibu na mji wa Meru. Mke wangu alikuwa kwa wazazi wake Kianjokoma, upande wa Embu, katika kijiji kilichozungushiwa handaki na kufungwa lango jua linapotua. Binti yetu wa kwanza alikuwa amezaliwa huko, na mke wangu alinitumia neno kwamba mtoto hataitwa jina lolote mpaka baba yake amshike. Nilikuwa nimeomba ruhusa mara kadhaa na kunyimwa. Hatimaye nilipewa ya Jumamosi na Jumapili, na karani aliyenikabidhi akaniambia waziwazi nisiipoteze, kwa kuwa hakujua kama kungekuwa na nyingine.

Mabasi hayakusafiri mwisho wa juma. Ilibaki pikipiki ya shule. Mkuu wa shule alikubali kuniazima kwa sharti moja, nalo lilikuwa la haki: oili ibadilishwe kwanza, ya injini na ya giaboksi, maana haikuguswa tangu fundi aliyeitunza apelekwe kizuizini. Mimi nilijua kuiendesha tu. Sikuwahi kufungua hata nati yake moja. Ijumaa mchana nilishuka mjini kwa Mwislamu mmoja mwenye malori, naye akaniuzia makopo mawili ya mwisho aliyokuwa nayo, moja la injini na moja la giaboksi. Mengine, alisema, yangekuja wiki ifuatayo, Mungu akipenda.

Habari kwamba mwalimu atamwaga oili ilifika kijijini kabla sijapata spana. Kijiji cha ng'ambo ya uwanja wetu kilikuwa kimejengwa kwa amri na kwa haraka, kwa miti mibichi, na mchwa walikuwa wakizila nguzo za nyumba. Oili iliyochoka ndiyo dawa ambayo watu waliiamini: ikipakwa mguu wa nguzo, mchwa hugeuza njia. Kwa hiyo akina mama wachache walikuja na vibuyu na makopo, wakajipanga kwenye ukuta wa stoo.

Chini ya pikipiki kulikuwa na nati mbili, ya injini na ya giaboksi, moja nyuma ya nyingine. Nilipiga magoti upande wa kushoto wa pikipiki, nikajiwekea kanuni: iliyo kwenye mkono wangu wa kushoto ni ya injini, iliyo kwenye mkono wa kulia ni ya giaboksi. Nilifungua ya injini, oili nyeusi ikashuka, akina mama wakaigawana kwa zamu. Nilikaza nati, nikamimina kopo zima la oili mpya. Kufikia hapo jua lilikuwa limenigeukia usoni, nikahamia upande wa pili wa pikipiki, penye kivuli. Mwili ulihama, kanuni haikuhama. Nilifungua nati ya mkono wa kulia.

Aliyekuwa amebaki bila kupata alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye bakuli la bati. Alilisukuma chini ya pikipiki, akainama kutazama.

"Mwalimu, hii ni ya nini?"

"Ni oili, mama. Subiri ijae."

"Kwamba ni oili naona. Lakini wenzangu umewapa nyeusi kama masizi, na mimi unanipa ya kukaangia mandazi sokoni Gakoromone."

Wenzake waliangua kicheko. "Wapakie mchwa wako hiyo hiyo," mmoja alimwambia, "wanone, kisha utuuzie nyama!"

"Sikuja kunonesha mchwa. Nimesubiri kama ninyi. Nataka nyeusi."

Nikiwa bado chini, nilimfafanulia kwa upole kwamba oili ya giaboksi haikutani na moto, na kwa hiyo haishangazi rangi yake ikiwa tofauti.

"Mwalimu," alisema, "toka huko utazame."

Nilitoka, nikatazama. Katika bakuli lake ilikuwa karibu oili yote mpya niliyoimimina muda mfupi uliopita: kwa upande huu wa pili, nati ya mkono wa kulia ilikuwa ileile ya injini. Nilirudisha nati. Mjini hapakuwa na kopo jingine. Kama bakuli lile lilikuwa na mchanga au mabaki ya uji, safari ilikuwa imekwisha, na ruhusa yangu pamoja nayo.

"Mama, bakuli hili lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu. Kibuyu changu kilivunjika siku tuliyohamishwa, hili ndilo tunalolia chakula. Nimelisugua kwa majivu nikalianika. Au ulidhani ningekuja shuleni na chombo kichafu?"

Nilimweleza kwamba Kianjokoma kulikuwa na mtoto wangu ambaye sijamwona, na kwamba bila oili ile nisingemwona.

"Si ungesema! Haya, kata jani la mgomba hapo nyuma ya stoo."

Nililikunja jani kama faneli kwenye tundu la injini, nikatandika leso yangu safi juu yake, naye akamimina taratibu, bila kumwaga hata tone, kama amiminavyo uji mtu asiye na uji wa kupoteza. Katika maisha yangu nimewashukuru wengi kwa walichonipa. Yeye namshukuru pia kwa kukataa alichopewa, maana angalikuwa mpole zaidi, ningaliondoka asubuhi na injini kavu.

Kisha nilifungua nati ya giaboksi. Oili ya humo ilikuwa nzito na nyeusi kuliko ile ya kwanza, nayo yote ikawa yake, nami nikamimina humo kopo la pili.

"Tungalijua," wenzake walisema, "tungalilalamika na sisi!"

Jumamosi nilipita Chuka na Runyenjes, nikaonyesha karatasi yangu katika kila kizuizi, nikafika Kianjokoma lango likiwa bado wazi. Mke wangu aliniwekea mtoto mikononi. Nilimwita kwa jina la mama yangu, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza, na Jumapili nikarudi Meru kabla ya kafyu.