Kitabu Kinene Nilichompa Wifi

Siku ile tulikuwa wanne barazani kwangu. Nilikuwa mimi. Alikuwepo wifi yangu, mke wa pili wa kaka yangu wa tumbo moja, sasa mjane. Alikuwepo binti yangu wa mwisho, aliyetoka kwa mumewe, kijiji cha Lingeka, kuja kunisaidia kuchambua pamba. Na alikuwepo katekista wa kigango chetu, mtoto wa marehemu dada yangu mkubwa. Kwa hiyo mimi ni mama yake mdogo, na wifi ni mke wa mjomba wake. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, hata ya ng'ombe walioletwa wifi alipoolewa kutoka Ipililo. Nimeambiwa majina niyaache. Nayaacha, lakini mkono unawasha.

Kwao wifi walitambikia wazee. Alipokuwa mtoto aliugua sana, wakampeleka kwa mfumu, yule mganga anayempasua kuku na kumsoma ndani. Mfumu akasema bibi yake mzaa baba anataka jina lake lirudi. Akapewa, akapona. Hivyo ndivyo watu wengi wa umri wetu walivyoyapata majina yao, hata mimi la kwanza nililipata hivyo.

Kaka yangu alipokuwa hai, wifi asingeweza kubatizwa, kwa kuwa ni mke wa pili. Kaka akafa. Baadaye mwanawe wifi, aliyekuwa mwalimu na aliyebatizwa akiwa shuleni, naye akafa, akazikwa kwa misa. Wifi alikaa kwenye mkeka mpaka watu wakaisha, ndipo akaniambia, "Wifi, nataka nikifa nipitie mlango aliopita mwanangu." Kifua chake kilikuwa kibaya tayari. Kutoka kwake mpaka kwangu ni kuvuka mashamba mawili tu, lakini anasimama njiani kupumua.

Katekista akamwandika kwa ubatizo wa Noeli. Akamwambia ahudhurie mafundisho, ajisomee na nyumbani, tena achague jina. Wifi akaja kwangu kutaka vitabu, maana kisomo cha watu wazima tulisoma pamoja, na anajua vyangu viko kwenye sanduku la bati. Ni vitatu. Kuna chembamba cha maswali na majibu, chenye amri zote. Kuna cha sala, kimelainika kama kitambaa. Na kuna kinene cha watakatifu, kila siku ya mwaka na mtakatifu wake, kina picha. Niliachiwa na masista walipohama.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi hivi kujitetea. Pamba ilijaa chumba kizima, magoti yananiuma, na watu niliowasomesha kabla yake ni wengi, wengine walibatizwa na kanisani hawakuonekana tena. Ningempa kile chembamba ingenibidi nikae naye, swali moja asubuhi, jingine jioni, kama nilivyokaa na wengine. Nikampa kile kinene. Nikakisifu. Nikasema kitamtosha mpaka pamba iishe.

Akauliza, "Sasa humu nitajuaje yupi ni wangu?"

"Kisome chote, utajua tu."

"Wifi, mimi mstari mmoja mpaka uji unapoa."

"Basi angalia picha," nikasema, nikageukia pamba yangu.

Ndiyo maneno yangu yote niliyompa, mtu aliyeomba msaada wa namna ile.

Siku ninayoisimulia ilikuwa kama wiki mbili baadaye. Tulikuwa tumekaa na marundo mawili, pamba safi huku, fifi kule, ile chafu ambayo mnunuzi anaikunjia uso. Katekista alikuwa amepita kusalimia. Mara tukamsikia wifi kwenye uzio wa minyaa, "Mwangaluka!" Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, tena kwa sauti ya asubuhi njema kabisa. Amevaa kitenge kipya, na kile kitabu amekifunga kwenye kanga.

"Mwangaluka, mayu," binti yangu akamwitikia, yaani mama. "Leo umependeza hivi, kuna anayekuposa?"

"Ameshaniposa. Wewe endelea na fifi zako." Akakaa, akapumua kwanza. Kisha akamwambia katekista, "Jina limepatikana. Ni mama mmoja mjane, yumo humu kitabuni, mwenye ushungi."

Katekista akafurahi, akatoa simu aandike. "Vizuri sana, mayu. Umemsoma? Kitu gani kimekugusa kwake?"

"Mimi sikumsoma. Kuku ndiye aliyemsoma."

Binti yangu akacheka, akaona anacheka peke yake, akarudi kwenye pamba.

Wifi akafungua kitabu. Kwenye ukurasa wa yule mama kulikuwa na doa la damu limekauka, na kinyoya kidogo kimegandia pembeni. Akaeleza bila kuficha, kama mtu anayeeleza alivyokwenda mashineni kusaga. Alikwenda kwa mfumu na kitabu chake. Mfumu akakiweka chini, akampasua kuku, akafunua kurasa mpaka kuku akakubali. "Hata yeye alishangaa," wifi akasema. "Alisema hajaona ukoo mkubwa namna hii, wazee wa mwaka mzima!"

Katekista akairudisha simu mfukoni.

"Mayu, hii ni amri ya kwanza kabisa. Unajiandaa kubatizwa na bado unakwenda kwa mganga?"

"Sikwenda kutibiwa, nimekwenda kuulizia jina. Jina si ndiko linakoulizwa?"

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

Wifi akanitazama. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananingoja niseme kwamba kitabu cha amri sikumpa, kwamba alipouliza jina linajulikanaje nilimwambia aangalie picha. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Hao wote wananiheshimu. Nikainamisha kichwa nikachambua pamba. Nikachukua nyeupe kabisa nikaitupa kwenye fifi. Binti yangu akaiona, akairudisha.

"Hakuna aliyeniambia," wifi akasema.

Katekista akamwambia itabidi jina lake litoke kwenye orodha ya Noeli, aanze mafundisho upya, pengine abatizwe si Pasaka hii ijayo, ila ile ya mwaka utakaofuata.

"Na kifua hiki?"

"Mungu anajua, mayu."

"Yeye anajua. Mimi ndiye nisiyejua."

Akafunga kitabu kwenye kanga, akaniwekea mapajani, akaondoka. Nilimwona akisimama shambani, ameshika kiuno.

Binti yangu akasema, "Mama, kile kitabu ulimpa wewe."

"Najua."

"Na hukumwelekeza."

"Nimesema najua."

Ilinichukua siku tatu kujikaza niende kwa katekista. Nilimkuta anafunga mbuzi, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingeinuka. Akaniangalia sana. "Mama mdogo, ungesema pale pale, mbele yake."

"Ningesema."

Orodha haikubadilika, mfumu alikuwa ameendewa, na hilo halikufutika kwa maneno yangu. Lakini aliniambia jambo moja. Wifi akizidiwa na padre yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa maji, hata mimi, mradi awe anautaka ubatizo na anakijua anachokitaka. "Basi hiyo kazi ya kumjulisha," akasema, "ni yako."

Nikaenda kwa wifi na kile chembamba. Alikuwa anapepeta choroko. Hakuniinulia macho.

"Umekuja kuniomba radhi au kunisomesha?"

"Vyote viwili."

"Anza kunisomesha. Ukianza na radhi utachoka mapema."

Tunasoma mpaka leo ninapoandika. Swali moja kwa siku, akiwa na nguvu mawili. Mengine anayabishia, mengine ananiuliza mimi ambaye sijui, na tunaliacha swali lipumzike. Yule mama mwenye ushungi bado anamtaka, na katekista amesema jina lenyewe halina kosa. Magoti yangu hayajapona. Nikifika kwake, kabla ya kusalimu, naangalia kwanza kama mtungi una maji.

Mlioyasikia haya kutoka kwa wifi au kwa binti yangu, nilipokosea nirekebisheni. Huenda kuku hakuwa mmoja, na zile wiki mbili zaweza kuwa tatu. Na kama nilinyamaza kwa muda mfupi kuliko ninavyokumbuka, niambieni hilo nalo, nitashukuru.