Kishikio cha Bafuni

Nilianza kujifunza kuchomelea vyuma nikiwa na miaka thelathini na moja, umri ambao wenzangu walikuwa tayari wanagombana na walimu wa watoto wao. Kabla ya hapo nilikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa mifuko ya nyuma ya suruali, kutwa kucha mifuko ya nyuma, ya suruali ambazo sikuwahi kumwona mtu kazivaa. Kiwanda kilipopunguza watu, nami nikapunguzwa. Shangazi yangu akasema nifungue genge la mboga. Nikamwambia mimi sina ulimi wa kubembeleza wateja, nitauza sukuma wiki siku mbili, ya tatu nimtukane mtu. Akacheka, lakini hakubisha, maana ananijua.

Chuo kilikuwa Changamwe, nyuma ya yadi ya malori: makontena mawili ya kufundishia, paa la mabati katikati, na chini yake mashine nne za kuchomelea. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili na mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kimvita aliyefanya kazi ya vyuma tangu ujana wake, mtu wa maneno machache na kofia safi hata katikati ya masizi. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Hapa hatushoni vitambaa, lakini jicho la mshonaji litakufaa." Niliyapenda maneno yale. Sasa nikiyakumbuka, naona ndiyo yaliyonipumbaza.

Kuchomelea si kama unavyokuona barabarani. Fundi wa barabarani anachuchumaa, anashika rodi, cheche zinaruka, kazi imekwisha. Mimi wiki mbili za mwanzo rodi yangu ilikuwa ikigusa tu chuma inanata, inang'ang'ania kama kupe, na mimi naivuta kwa mikono miwili huku wenzangu wakicheka. Ilipoacha kunata ikaanza kutoboa. Nikipunguza moto, chuma kinadondoka madonge madonge juu juu. Kijana mmoja aliyetoka Nairobi aliyatazama madonge yangu akasema, "Aki siste, hii ni welding ama mbuzi amepita hapa?" Nilimrushia glavu. Kuna siku niliinua kioo cheusi cha kukinga uso kabla ya wakati, na jioni macho yakawa kama yamejazwa mchanga. Mama yangu alinilaza chali akaniwekea vipande vya viazi vibichi juu ya macho, akinilaumu na kunipepea kwa pamoja.

Mambo mawili mwalimu hakuyavumilia. La kwanza ni kuvaa ndara. La pili ni mwanafunzi kugusa grenda, ile mashine ya kusaga chuma, kabla yeye hajaukagua mshono. Kazi ya kila mmoja wetu ilibanwa kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, na kupigwa nyundo. Ikivunjika, anakuonyesha mahali ilipovunjikia. Isipovunjika, anasema "haya" na kupita. Hakuna aliyesifiwa zaidi ya hiyo "haya."

Sasa niseme habari ya baba, maana ndiye niliyekuwa nikimfikiria muda wote huo.

Baba alikuwa dereva wa trela kwa miaka mingi, kutoka bandarini hadi mpakani na kurudi. Mwaka mmoja kabla ya mimi kuingia chuoni alipata kiharusi, upande wake wote wa kushoto ukalala. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mama. "Mama, niletee maji." "Mama, funga dirisha, ndege hizi zitanipasua masikio." Nyumba yetu iko upande wa Port Reitz, na ndege zinazotua zinapita karibu sana juu ya paa.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na baba hakuweza tena kuchuchumaa. Tulichukua kiti cha plastiki, tukakikata tundu, tukakisimamisha juu ya shimo. Kukaa aliweza. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Kila siku mama aliingia naye, akamshika chini ya makwapa, akamwinua, na mama mwenyewe mgongo ulikuwa mbovu. Mimi nilikuwapo nyumbani, nina nguvu za kubeba gunia, lakini kwetu binti haingii bafuni na baba yake. Basi nilikuwa nikikaa jikoni nikiwasikia wawili wale wakihema nyuma ya pazia. Tulikuwa tumeweka pazia kwa sababu mlango haukufungika mama akiwa ndani naye. Baba alikuwa mtu aliyelala porini peke yake na trela lenye mzigo wa watu, na sasa hata haja ilikuwa ni shughuli ya watu wawili. Hakuwahi kulalamika. Aliacha tu kunywa maji, ili asiende mara nyingi, na midomo yake ikawa imepasuka siku zote.

Midomo ile ndiyo iliyonikosesha subira. Mwezi wa tatu wa masomo niliamua kumtengenezea kishikio: bomba la chuma urefu wa mkono, kila ncha imechomelewa kwenye kibati kinene chenye matundu ya bolti, kikazwe ukutani kando ya kiti, ashike kwa mkono wa kulia ajivute mwenyewe. Kilikuwa kitu kidogo kabisa. Ningeweza kumwomba mwalimu akisimamie. Sikumwomba. Nilitaka kiwe changu, na niseme ukweli, niliogopa nyundo yake.

Nilikichomelea kwa fundi mmoja wa barabarani aliyeniruhusu kutumia mashine yake wakati wa chakula cha mchana. Bomba lilikuwa jembamba, vibati vinene, nami nikaogopa kulitoboa bomba. Nikapunguza moto. Mshono ukaja kama kawaida yangu, madonge. Niliona aibu. Nilimfikiria baba akipitisha vidole pale kila siku, na wageni wakiingia wakiyaona madonge ya binti yake.

Kiwandani tulifundishwa kwamba mshono ukishashonwa, unakata nyuzi zinazoning'inia, unaupiga pasi ulale, na hapo ndipo nguo inapokuwa nguo. Miaka minane mikono yangu ilifanya hivyo. Basi nikaazima grenda nikayasaga madonge yote mpaka bomba na kibati vikawa laini, huwezi kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Nikapaka rangi ya fedha. Yule fundi wa barabarani alikigeuzageuza akasema, "Umekiweza, dada." Nilikwenda nacho nyumbani nimekifunga kwenye leso kama mtoto mchanga.

Jirani yetu alitoboa ukuta, tukakaza bolti. Nilining'inia pale kwa uzito wangu wote, kikanishika. Baba alitazama, akashika, akajivuta. Aliinuka. Miguu ilitetemeka lakini aliinuka, akasimama akitutazama mimi na mama kwa zamu. Akasema, "Haya, tokeni nje." Tukatoka. Tukasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia. Mimi nilicheka kama mwehu.

Siku kumi na moja baba alijifungia mlango mwenyewe. Alirudi kunywa maji, akaanza na kuimba humo ndani, nyimbo za kanisani alizozichanganya maneno. Midomo ilipona. Sijapata kuwa na fahari kama ile, wala sidhani nitaipata tena.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Alhamisi, mama amekwenda kwenye ibada ya akina mama. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu chuoni umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nachambua mchele nikasikia sauti ya chuma, kavu, moja tu, kisha kishindo. Nilifika mlangoni nikaita. Baba akajibu taratibu, "Usiingie, mama." Nikasema, "Baba, umeumia?" Akarudia, "Usiingie."

Nilisimama pale. Sijui ni kwa muda gani, labda dakika, labda zaidi, mkono wangu ukiwa juu ya mbao za mlango, nikiwa binti mwenye adabu. Kisha nikachukua leso ya mama kambani, nikaupiga mlango teke komeo likang'oka, nikamrushia leso kabla ya kumtazama.

Alikuwa ameangukia ubavu, mguu umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Ncha moja ya kishikio ilikuwa imeachana na kibati na bomba limening'inia. Pale pa kuachania palikuwa safi, panang'aa. Hapakuwa na alama kwamba vyuma viwili vile vimewahi kushikana. Nilivisaga vikabaki vimegusana tu, na rangi ikavifunika.

Baba aliona ninakotazama. Alikuwa anatokwa jasho la maumivu, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kuniagiza maji. "Kirudishe mahali pake kabla mama yako hajaja," akasema. "Mimi nimeteleza."

"Baba, kimevunjika. Ni mimi—"

"Nimeteleza. Umesikia? Kirudishe."

Nilikirudisha. Nilisukuma bomba mpaka likakaa juu ya kibati chake, na ukitazama ungeapa ni kizima. Ndipo nikaenda kuwaita majirani.

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Kesho yake asubuhi, mama akiwa huko kitandani kwake, nilikifungua kishikio ukutani nikakipeleka kwa mwalimu. Alipaangalia pale palipoachana, akapapitisha kidole gumba.

"Nani kapiga grenda hapa?"

"Mimi, mwalimu."

"Ni cha nani?"

"Cha baba."

Aliketi juu ya mtungi mtupu wa gesi, akaivua kofia yake, akaishika magotini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na wallahi ningeshukuru kutukanwa. Baadaye akainuka, akawasha mashine, akaongeza moto mwenyewe, akasema, "Choma." Nikachoma, bomba likatoboka, nikaanza kulia ndani ya kile kioo cheusi ambamo hakuna anayekuona. Akasema, "Endelea. Tundu utaliona, utaliziba. Lile ulilolifanya juzi ndilo usiloliona." Tuliziba. Alikibana kwenye vaisi akakipiga nyundo mara saba, kisha akanipa nyundo nami nikipige. Hakikuvunjika. Hakusema "haya."

Nilikirudisha ukutani siku hiyohiyo. Baba hakukiona.

Alilala wodini wiki tatu, na kulala kule ndiko kulikomwua, mapafu yakajaa. Siku moja mama alipotoka kununua maji nilimwambia baba, "Nitamwambia mama ukweli." Alinitazama kwa hasira, hasira hasa, jicho la dereva aliyekatiwa njia. "Mimi naondoka," akasema. "Wewe na yeye mtabaki chungu kimoja. Usinitilie mchanga humo." Nilimwomba msamaha. Akasema, "Mama, zile siku nilizofunga mlango nani alinipa?" Kisha akaomba nimgeuzie mto, na mama akarudi na maji.

Tulimzika kwetu, Kaloleni. Matangani ndipo nilipomsikia mama kwa mara ya kwanza akieleza jinsi baba alivyoanguka. Waliokuja kutoa pole walimuuliza ilikuwaje, naye akajibu akijipiga paja, "Ukaidi! Mtoto kamtengenezea chuma, kamfungia ukutani, kipo hapo hata leo. Yeye akataka kuinuka bila kushika, aonyeshe kapona. Angeshika tu! Kazi ilikuwa kushika tu!" Wanawake wakatikisa vichwa, wakanitazama kwa huruma, binti aliyefanya sehemu yake. Mama hakumlilia baba kama wajane wanavyolia. Alimkasirikia. Alizika mtu mkaidi.

Nilimaliza chuo. Sasa nina mashine yangu na kibanda karibu na barabara kuu, natengeneza vitanda, mageti, madirisha, na kila mshono naubana na kuupiga nyundo mbele ya mteja, hata akiwa na haraka. Wananiita mama nyundo. Wanadhani ni mbwembwe za kuvutia wateja.

Mama amezeeka. Mgongo umemwishia, na siku hizi yeye ndiye anayekaa juu ya kiti kile cha plastiki na kujivuta kwa kishikio. Mimi ni binti yake, kwa hiyo naruhusiwa kuingia na kusimama karibu. Akishasimama hupumua kidogo, akakipigapiga kile chuma kwa kiganja.

"Kigumu hiki," husema. "Hakitingishiki. Sasa baba yako alishindwa nini kukishika?"

Nami humjibu, "Sijui, mama."