Steringi Hakulia

Muvi ninayoichukia kuliko zote, mimi mwenyewe nimo ndani. Si ya Kizungu, si ya Kihindi, wala si zile za Nigeria ambazo mzimu hutoka kisimani na sketi nyeupe. Ni video ya mazishi ya mume wangu, iliyopigwa kwao karibu na Chwele, na imewekwa kinanda cha kuhuzunisha mwanzo hadi mwisho, kana kwamba tungesahau mtu amekufa bila kukumbushwa na kinanda. Ukiniuliza kwa nini naichukia nitakwambia. Usiponiuliza pia nitakwambia, maana nimechoka kunyamaza.

Lakini kwanza niseme ninayoipenda, ili msidhani mimi ni mtu wa kununa tu. Jina lake silijui, kasha lake liliraruka kabla sijazaliwa pengine. Ilikuwa ya karate. Niliionea Kitale, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko nilipokuwa nauza viazi na mama yangu. Sisi ni watu wa Mkoa wa Kati waliohamia Trans-Nzoia, na nyumbani kwetu sinema zilihesabiwa dhambi ndogo, ile unayoweza kuifanya ukaiombea msamaha siku hiyo hiyo. Pale kibandani alikuwako dijei mmoja mnene, sauti ya mchanga. Alikuwa anazima maneno ya Kichina, kisha anasimulia mwenyewe. Mlima kwenye picha ukawa Elgon. Mzee wa ndevu aliyemtuma steringi, yule shujaa wa picha, kuteka maji akawa babu wa Saboti. Adui, mwenye upanga, akawa broka, dalali wa mahindi, na kila alipopigwa teke kibanda kizima kilishangilia, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa na lake na mabroka.

Kuna watu wanasema hizo ni muvi za watu wasio na kazi. Pasta wangu alisema. Shemeji zangu waliosoma walisema pia, ati ukitaka sinema ya maana utazame ile ambayo watu wanaangaliana dirishani nusu saa bila kusema kitu, halafu inaisha. Shauri yao. Nimewahi kuitazama moja ya hizo hadi mwisho, na sijui mpaka leo yule mama alitaka nini pale dirishani. Mimi napenda hadithi nikisimuliwa na mtu anayejua ninakonunua chumvi.

Siku hiyo mbele yangu aliketi mwanamume mrefu, mabega kama mlango. Nikamwambia, "Wewe mrefu, inama kidogo, hata sisi tumelipa." Akageuka. "Pore, dada. Huyu stelingi amenikoroga kabisa." Watu wa Bungoma wana tabia ya kubadilisha l na r, na hakuna anayeumia kwa hilo. Nikamsahihisha: ni steringi. Akasema, "Si ndiyo hiyo nimesema. Stelingi." Alikuwa ameleta vitunguu kutoka Chwele na alikuwa anangoja gari la kurudi. Dijei akatupa mzaha mwingine kuhusu broka, na huyo mtu akacheka mpaka benchi likapinduka, na sisi sote tuliokalia lile lililofuata tukamwagika pamoja naye. Mwisho wa ile picha sikuuona. Niliolewa na kile kicheko, na sioni haya kusema hivyo.

Tukaishi kwao Chwele. Kila kitu kigumu kilipotokea alikuwa na neno moja: stelingi hafi. Mvua ikikataa, stelingi hafi. Ng'ombe akiugua, stelingi hafi. Hata alipolazwa hospitalini Lugulu, amekonda mpaka pete inacheza kidoleni, alinitazama akasema hivyo hivyo. Alikufa asubuhi. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano.

Sasa mazishi. Mama yangu alitulea kwa neno moja juu ya machozi: ya mbele ya watu ni ya watu, ya kwako lia ukiwa peke yako. Kwa mume wangu si hivyo. Huko mjane analia, tena kwa sauti, na wanawake wanamshika mikono asije akajitupa kaburini. Mimi niliketi wima na leso yangu ya kijani mabegani. Niliona wakinitazama. Nilijua wanangoja. Nikasema moyoni, wangoje tu, mimi nimempoteza mtu wangu na siwezi tena kujifunza kulia kwa mtindo mpya siku hiyo hiyo.

Hotuba zikaja. Baba mdogo wa marehemu, mzee mpole asiyejua kusema uongo, akashika maiki akasema, "Huyu kijana, wacha niseme ukweri. Huyu kijana arikuwa anapenda sana kura." Alitaka kusema kula, chakula. Na ilikuwa kweli tupu, mume wangu alipenda sahani yake. Lakini kwenye hema la wageni alikuwako bwana mmoja anayewania kiti, na aliposikia kura akasimama, akapiga makofi, akainua mkono kuwapungia wananchi. Mzee akadhani anaungwa mkono. Akaongeza, "Hata kura ya usiku hakukataa."

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu yule aliyelala ndani ya sanduku ndiye angekuwa wa kwanza kuanguka na kiti. Kwa muda ule mfupi ilikuwa kama tuko wawili. Halafu nikanyamaza, tukasimama kwenda kaburini. Mama mkwe wangu alikuwa anatetemeka, kwa hiyo nikavua leso yangu nikamfunika nayo.

Video ilifika baadaye ndani ya flashi. Mpiga video alitoka Bungoma mjini, na nadhani hakuwa na nia mbaya, alikuwa tu na haraka na kompyuta. Alikata huku akaunganisha kule. Jeneza linashuka pole pole, kinanda kinalia, watu wanalia, halafu unaona nini? Mimi. Uso wangu umejaa skrini, meno nje, nacheka. Kisha jeneza tena.

Kile kipande kikasambaa kwa simu. Sokoni Chwele wanawake walikuwa wanaacha kuongea nikifika. Siku moja nikiwa Bokoli, mwanamke ambaye sijawahi kumwona aliniuliza kama mimi ndiye yule. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hakuzunguka. Alikuja mlangoni akasema, "Mwanamke amecheka kaburini hawezi kuachiwa shamba ya ndugu yangu. Tukimaliza ibada ya kumbukumbu wazee watakaa, na wewe utarudi Kitale." Lilikuwa ndilo shamba la upande wa mtoni, lenye vitunguu. Mume wangu alinionyesha mipaka yake tukitembea, tukiwa bado wapya.

Kaka zangu wa Kitale waliposikia wakanipigia simu. Rudi, wakasema, utaishi na watu wa aina hiyo mpaka lini? Nilikataa. Kurudi kungekuwa kukubali ile video. Lakini kilichoniuma si shemeji. Ni mama mkwe. Yeye hakusema neno lolote juu yangu, zuri wala baya. Aliacha tu kuingia jikoni kwangu, akawa anapita mbali na mlango kana kwamba kuna mbwa. Mwanamke niliyekuwa nachambua mboga naye kila jioni. Hilo lilinikosesha usingizi, na nasema wazi, nilimchukia kidogo kwa hilo.

Siku ya kumbukumbu ikafika, mwaka mmoja baada ya mazishi. Ibada ikaisha, watu wakaketi uani na chai na mandazi, na shemeji akatoa televisheni barazani akachomeka ile flashi. Wazee walikuwa mbele. Mimi pia nikaketi mbele, kwa makusudi, karibu na mama mkwe. Kinanda kikaanza. Watu wakafuta macho. Jeneza likaanza kushuka, na uso wangu ukatokea, na shemeji akabonyeza rimoti ukasimama pale pale, mkubwa, mdomo wazi.  Alitaka wazee watosheke kuniona.

Nikasimama. "Nipe rimoti, shemeji."

"Keti, mama."

"Nipe."

Akanipa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, kusema ukweli. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima kwa wazee wangu na kadhalika. Lakini nilipouona ule uso wangu pale, hasira ilinipanda. Kwani nimwombe nani? Nikazima kinanda, na nikatoa sauti ya mchanga ya yule dijei wa Kitale.

"Wananchi," nikasema, "hapa ndipo tunamwona adui. Muuza viazi wa Kitale, roho mbaya kuliko broka. Amezika mume, anacheka. Lakini hebu tazama mabega ya adui. Amevaa nini? Leso ya kijani. Na amefanya nini? Ameketi. Sasa twende kaburini." Nikapeleka mbele. "Hii hapa leso ya kijani, wananchi, na aliyeivaa ni mama mwenye boma. Adui amesimama nyuma yake na blauzi tu, baridi inamla. Sasa nielezwe. Jeneza likiwa katikati ya kushuka, adui alimnyang'anya mama leso, akatafuta kiti, akaketi, akacheka, akarudisha leso, akasimama tena? Huyo si adui wa kawaida. Huyo ni jini."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Mama mkwe alikuwa anaitazama skrini, amenyoosha shingo.

Nikarudi kwenye sauti yangu. "Baba mdogo, nisaidie. Siku ile kwenye maiki ulisema mwanao alipenda nini?"

Mzee akasimama na kofia mkononi. "Nirisema arikuwa anapenda kura."

"Kura ya kupiga?"

"Kupiga nini? Kura ya sahani, bana. Ugari. Kwani niriongea mambo ya siasa kwa matanga?"

Na hapo ndipo alipoelewa yale makofi ya mwaka uliopita, maana uso wake ulibadilika, akamtafuta yule bwana wa kiti kwa macho. Ua mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote. Alicheka amejishika tumbo, akasema mwanawe aliwahi kumaliza ugali wa wageni kabla wageni hawajafika, akamlaumu paka, na paka akapigwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nikasema, "Hicho ndicho nilichochekea, wazee wangu. Na kingetokea leo ningecheka tena."

Wazee walitazamana. Mmoja akasema mambo ya shamba hayafai kuamuliwa na simu za watoto, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nilidhani imeisha.

Shemeji hakuwa amecheka. Alikuja akachukua rimoti yake mkononi mwangu. "Sawa," akasema, "umetuonyesha mahali ulicheka. Sasa tuonyeshe mahali ulilia."

 Hata waliokuwa wanatafuna mandazi waliacha. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema juu ya shati lake ambalo sijalifua, na chooni, na njia ya mtoni kabla ya watu kuamka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wahenga, lakini hata aliyebaki juu anaijua kidogo.  Kwa nini nimpe?

"Hilo halikupigwa video," nikamwambia, "na hamtaliona. Kesho asubuhi nalima upande wa mtoni. Anayetaka kunitoa huko, aje anikute."

"Mimi nitakuja," akasema mama mkwe.

Sikujua ana maana gani. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alikunywa chai yake akaingia ndani.

Kesho yake nilikuwa nimemaliza mstari wa kwanza nilipomwona akishuka kwa miguu yake mibovu, amejitanda, jembe begani. Nikasimama wima nikimngoja. Alipita karibu nami bila kunisalimu, akakagua nilipolima, akasema nimechimba juu juu kama mtu wa mjini. Kisha akatema mate viganjani, akaanza mstari uliofuata wangu.