Mashine Iliyompigia Mgeni Hodi

Niliitwa mwizi mbele ya madereva wanne na mama muuza vitumbua, kumbe siri ilikuwa inatokea kwenye waya wa simu.

Mnaweza kucheka. Mimi hadi leo nikikumbuka nakasirika upya.

Mwaka 1999, Mpanda mjini. Mimi Nyanzala, elimu yangu darasa la saba, nimeajiriwa na mzee Alois, mnunuzi wa mpunga. Nafagia ofisi, napokea simu, nachapa orodha kwenye kompyuta kwa kidole kimoja.

Hiyo orodha ndiyo roho ya biashara. Kijiji gani kimevuna, magunia mangapi, malori yetu yanaenda siku gani.

Kompyuta aliileta fundi wa Dar, Hilari, mtu wa kuvaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Akaiunganisha na waya wa simu kwa kasanduku kenye taa nyekundu. Dada Marsela, wakala wetu wa Tabora, akipiga simu kwa kompyuta yake, anaisoma orodha hukohuko apange mabehewa ya treni.

"Bado hatua moja tu mzee, unaingia kwenye intaneti," Hilari akamwambia. Bosi akavimba kichwa wiki nzima.

"Sasa tuweke neno la siri," Hilari akaendelea.

Mzee Alois, Mpimbwe, mwenyeji wa huku mwenye adabu zake, akasema, "Kwangu mtu haingii kama mbuzi. Mashine iandike HODI. Anayejua ataandika KARIBU."

Hilari akacheka, akaweka hivyohivyo.

Mwezi wa sita mambo yakaharibika. Lori letu linafika Kasekese, maghala meupe. "Salvatori kapita jana." Linaenda Litapunga, Salvatori kapita jana. Huyo Salvatori ni mnunuzi mwingine, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Mara ya tatu bosi akanifuata uani.

"Orodha unachapa wewe! Nyie Wasukuma mmekuja na ng'ombe zenu tukawapa ardhi, sasa mnatuuzia na siri zetu?"

Utani wa makabila naujua. Ule haukuwa utani.

"Bosi, sijamwambia mtu."

"Mwizi mkubwa! Jumamosi nakupeleka polisi."

Dereva Libérat akaangalia viatu vyake. Mama wa vitumbua akaziba mdomo kwa khanga.

Mpanda ni ndogo, bana. Kesho yake mama yangu, yuko Litapunga huko, kaambiwa binti yake kafungwa. Kafungwa!

Moto ulinipanda mpaka masikioni. Lakini mimi nimechunga. Ng'ombe akipotea hukimbii ovyo. Unatulia, unaangalia kwato zimeelekea wapi.

Nikatulia. Nikaangalia.

Marsela anapiga saa mbili asubuhi, hakosi. Kasanduku kanalia kama paka kakanyagwa mkia, kananyamaza. Sawa.

Ila saa saba mchana, wote wameenda kula, mimi natafuna muhogo wangu pale mezani, kakalia tena.

Siku ya pili, saa saba, kakalia tena.

Nikampigia Marsela. "Dada, saa saba huwa unatafuta nini kwetu?"

"Saa saba? Mdogo wangu, saa saba mimi nimelala. Tabora jua kali!"

Nikamwambia bosi.

"La saba wewe ndiyo utanifundisha kompyuta?"

Haya.

Jumatano, Marsela alipomaliza kusoma, nikachapa uongo: KAKESE, IJUMAA, MAGUNIA MIA TATU. Sikumwambia binadamu yeyote. Saa saba kasanduku kakalia. Saa nane nikaufuta.

Alhamisi asubuhi nikasimama mbele ya bosi. "Kabla ya polisi, nipeleke Kakese. Nikiwa muongo, nishushe kituoni leoleo."

Tukaenda.

Tunakuta lori la Salvatori, turubai limeshafunuliwa. Mwenyewe kasimama juu anafoka, "Magunia mia tatu mmeyaficha wapi nyie?"

Mama mmoja mwenye jembe akamjibu, "Baba, mpunga uko shambani bado. Shuka ukavune!"

Bosi akatoka kwenye gari. "Salvatori! Nani kakwambia hapa kuna mpunga?"

Wala hakuona aibu. "Mashine yako."

"Umeiba!"

"Nimeiba nini, Alois? Namba umeiandika kwenye mlango wa lori. Nilipiga nikusalimie, nikasikia makelele. Na mimi Hilari kaniuzia kompyuta, nikapiga nayo. Ikaniambia hodi. Sasa mimi nimelelewa parokiani, niambiwe hodi nisijibu karibu?"

Watu wa Kakese walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Nikamgeukia bosi.

"Tangu lini nyumba ikampigia mgeni hodi? Umeufundisha mlango wako kumbembeleza mwizi, halafu mwizi nikawa mimi!"

Tukarudi mjini. Tulipofika bosi akasema, "Basi Nyanzala, yaishe."

"Hayaishi. Waite walewale."

Akawaita, madereva wote wanne na mama wa vitumbua. Akasema nimeonewa. Alisema chinichini, nikamwambia arudie. Akarudia. Libérat akapanda baiskeli kwenda kumwambia mama yangu.

Halafu nikaweka masharti. Mashine isipokee mtu tena. Marsela apige kwa mdomo, nimjue sauti, akate, kisha mashine yetu ndiyo impigie kwenye namba ya ofisi yake. Na akishaunganishwa aone orodha tu, barua za bosi zilizomo humo hazimhusu.

Neno la siri nikachagua mimi. Hilari akalalamika kwamba ni refu mno. Nikamwambia wacha liwe refu, na mashine isimfungukie hata bosi mpaka alichape.

Kompyuta ile iliuawa na radi zamani, kwa hiyo leo nalitaja. Miaka miwili mizima, kila asubuhi, mzee Alois aliweka miwani puani, akanyoosha kidole, akatafuta herufi moja baada ya nyingine:

NYANZALASIMWIZI.

Ndugu zangu, ukitaka watu wa mbali waifikie biashara yako, usiwafungulie kwa neno ambalo kila mtu analo mdomoni. Na siri ikivuja, kagua mlango uliouweka mwenyewe kabla hujamkagua anayeufagia.