Simba wa Herakule Ukweni Koboko

Mimi hufundisha fasihi Arua. Majuzi nilikwenda Koboko kuposa, na mjomba wa mchumba wangu akanikaribisha kwenye kiti kilichotandikwa ngozi kuukuu.

"Kaa, mukwe," akasema, kisha akatusimulia jinsi marehemu baba yake alivyoua simba kwa mkuki.

Mdomo wangu haujui likizo. Nikaanza somo. Nikasema hata Herakule, shujaa wa Wagiriki anayesifiwa kwa kuua simba, hakuua simba yeyote: kwa nadharia moja simba yule ni jua kali, kwa nyingine ni hofu ya moyoni. Simba wa marehemu naye, nikahitimisha, ni ishara tu.

Mchumba wangu akainamisha kichwa.

"Mwalimu," mjomba akasema, "simama kidogo, angalia ile kitu umekalia."